Wacheza bale wakizeeka wanaishia wapi? Kisa cha Carmen de Lavallade

Haya jamani, karibuni. Leo sipiki, wala siwazungushi madukani. Baridi ya New York imekaza, nimebaki zangu hapa kwenye cherehani. Kuna swali mnaniuliza kila nikionyesha kazi yangu: "Dada, hao wacheza bale unaowashonea, wakizeeka wanakula wapi?" Leo nalijibu.

Ila kwanza oneni hiki, ngoja nikisogeze. Kiatu cha bale, kile cha kusimamia ncha za vidole. Wengi mnadhani ndani kuna chuma au ubao. Hamna! Ni kitambaa na karatasi, tabaka juu ya tabaka, vimegandishwa kwa gundi. Sikieni: ko, ko, ko. Kikishalainika hakina kazi tena, na wale wachezaji wakubwa wanaweza kumaliza jozi nzima kwa onyesho moja. Na hii rangi? Kimetoka dukani pinki. Mwenyewe ni mweusi kama mimi, akachukua fondesheni yake ya usoni akakipaka kwa sponji mpaka kikafanana na mguu wake. Siku hizi vya kahawia vinauzwa, ila yeye anasema haviukai mguu wake.

Huyu anapaka kiatu. Zamani walitaka upake uso. Kulikuwa na binti wa Los Angeles, Janet Collins, ambaye mama yake alikuwa fundi cherehani na alilipia masomo ya bale ya mwanawe kwa kushona mavazi ya maonyesho. (Mafundi wenzangu, mpo?) Janet akaenda kujaribiwa na kampuni kubwa ya bale, wakamwambia kucheza unajua, lakini jukwaani itabidi ujipake weupe. Akakataa. Mwaka 1951 akaingia Metropolitan Opera, lile jumba kubwa la opera hapa New York, akiwa mcheza bale mkuu mweusi wa kwanza pale.

Ninayemtaka leo hasa ni binamu yake, Carmen de Lavallade, aliyezaliwa 1931. Naye alianza na bale, halafu akaingia kwa mwalimu mmoja anaitwa Lester Horton, hukohuko Los Angeles. Horton alikuwa mzungu, na kampuni yake ilichanganya weusi na weupe na watu wa asili ya Asia kwenye jukwaa moja, miaka ile ya ubaguzi! Pale hukuachiwa ucheze tu. Ulishona, ulipaka rangi mapazia, ulishika taa, uliigiza. Nyumbani tungesema kijana anapotezewa muda, si achague kitu kimoja? Mimi naona ndipo Carmen alipopatia mtaji wa maisha yake yote.

Shuleni alikuwa na mwenzake, kijana mwenye haya, Alvin Ailey. Carmen ndiye aliyemvuta mpaka kwa Horton. Ndiyo, Ailey huyuhuyu ambaye kampuni yake ya dansi leo inajulikana dunia nzima. Horton akafariki 1953, na mwaka uliofuata wawili hao wakaja New York kucheza kwenye tamthilia ya muziki ya Broadway, mtaa wa kumbi kubwa za maigizo. Humo Carmen akakutana na jitu la Trinidad, kisiwa cha Karibiani, mrefu huyo, Geoffrey Holder: mcheza dansi, mchoraji, mwigizaji, na mbunifu wa mavazi. Wakaoana 1955. Mwaka huohuo Carmen akashika nafasi ya juu ya bale pale Metropolitan, palepale alipotoka binamu yake.

Akiwa kwenye kilele cha dansi tayari alikuwa anasomea uigizaji, kwa Stella Adler, mwalimu aliyewafundisha mastaa kibao wa Marekani. Hakungoja magoti yaanze kulia. Mwaka 1959 akaonekana kwenye filamu na mwimbaji na mwigizaji Harry Belafonte, sehemu fupi lakini ya kuongea, si ya kukata mauno nyuma ya mtu.

Halafu ikaja shule ya maigizo ya Yale, chuo kikuu maarufu cha Marekani, kuanzia 1970 hivi. Akafundisha mwendo wa mwili kwa waigizaji. Najua mtaniuliza, mwendo nao unafundishwa? Unafundishwa sana! Mwigizaji anaweza kuwa na sauti nzuri na maneno kayameza yote, lakini akiingia jukwaani hajui mikono aiweke wapi. Mtu aliyefiwa anakaaje kwenye kiti? Tajiri anageukaje akiitwa? Mcheza dansi anayajua hayo kwenye mifupa. Meryl Streep, yule staa wa filamu, alipita mikononi mwake, staa mwenzake Sigourney Weaver pia. Na mwalimu mwenyewe hakubaki darasani: mwaka 1975 ukumbi wa Yale ulipoigiza ile tamthilia ya Shakespeare ya usiku wa kiangazi, "A Midsummer Night's Dream", Carmen alikuwa Titania, malkia wa viumbe wa kichawi, na Streep, mwanafunzi wa juzijuzi, yumo kwenye igizo hilohilo.

Kwa hiyo wanakula wapi? Wengine hawali, nisiwadanganye. Ninaowashonea wako wanaouza kahawa asubuhi na kufundisha watoto jioni. Carmen alikula jukwaani mpaka uzeeni. Mwaka 2012 alikuwa Broadway tena, akiigiza muuza maua. 2014, na miaka yake 83, akasimama peke yake kusimulia maisha yake kwa dansi na maneno, na mwaka huohuo ndio Geoffrey akafariki. 2017 akatunukiwa heshima ya Kennedy Center, tuzo kubwa ya wasanii Marekani, akapokea, ila mwaliko wa Ikulu akaukataa waziwazi, sababu hakukubaliana na mwenye nyumba wa wakati huo, Rais Trump.

Mkitaka kumwona ujanani, mwanamuziki wa jazi Duke Ellington alitengeneza kipindi cha televisheni 1957, "A Drum Is a Woman", Carmen ndiye anayecheza. Mimi nimeona vipande tu. Mwenye kujua ilipo nzima anitumie, na jamani, msinitumie ile yenye maandishi makubwa katikati ya kioo!