Kisima Changu, Maji Yetu: Mhadhara kuhusu Maji ya Ardhini Uliotolewa Bagamoyo

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kuitikia mwito. Nimeombwa nizungumzie kupungua kwa maji ya ardhini katika maeneo yenye watu wengi, nami nitajikita pwani, kwa sababu hapa tatizo haliji kwa sura ambayo wengi wanaitarajia. Kisima cha bara kikizidiwa hukauka. Kisima cha pwani kinaweza kubaki kimejaa pomoni, kumbe maji yake hayanyweki tena.

Wanaokwenda Kaole, kwenye magofu ya kale karibu na hapa Bagamoyo, hushangaa kuona kisima cha kale chenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, karibu kabisa na bahari. Mvua ikinyesha, sehemu ya maji hupenya mchangani na kukusanyika ardhini, na kwa kuwa maji ya bahari ni mazito zaidi (lita moja ina uzito wa takriban kilo 1.025), maji baridi huelea juu ya yale ya chumvi yaliyopenya kutoka upande wa bahari. Badon Ghyben wa Uholanzi mwishoni mwa karne ya 19, na Herzberg wa Ujerumani mwaka 1901, walionyesha kila mmoja kwa njia yake kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Hesabu hiyo ni ya makadirio, lakini naomba tuitafakari kinyumenyume. Maji ya kisima yakishuka nusu mita tu, jambo ambalo mwenye kisima hatalitilia maanani, mpaka wa chumvi ulio chini yake unaweza, baada ya muda, kupanda mita 20. Wala haihitajiki chumvi nyingi: lita 2 za maji ya bahari katika kila lita 100 zinatosha kuyafanya maji yawe na ladha ya chumvi.

Ndiyo maana ushauri unaotolewa mara nyingi, kwamba maji yakipungua tuchimbe zaidi na tufunge pampu kubwa, kwa pwani ni ushauri mbaya. Kuchimba zaidi ni kuusogelea mpaka huo, na pampu kubwa huuvuta uje juu. Visima vichache vya kina cha wastani, vilivyo mbali na ufuo, vilivyoachana vya kutosha na kuvutwa polepole, huleta maji kidogo kwa saa lakini hudumu. Najua ushauri huu haumpendezi mwenye kiwanja kimoja kilicho ufukweni, naye ana hoja yake.

Watu nao wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta Mkoa wa Pwani na watu takriban milioni 1.1, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 2. Jirani zetu wa Dar es Salaam walichimba visima vingi vya dharura baada ya ukame wa mwaka 1997, kisha kaya na biashara zikaendelea kuchimba vyao, na baadhi ya visima vilivyo karibu na bahari vikaingiwa na chumvi. Tuongeze vyoo vya shimo vilivyobanana na visima vifupi, nalo tatizo linakuwa la afya pia.

Je, hali hii hurekebishika? Bangkok ni mfano ninaoupenda, kwa kuwa haukutegemea miujiza. Uvutaji wa maji ulikuwa ukiizamisha ardhi ya jiji hilo, mahali pengine kwa zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Sheria ilitungwa mwaka 1977, tozo ya maji ya ardhini ikaanza mwaka 1985 na baadaye ikapandishwa, huku mabomba yakifikishwa kwa watumiaji. Kina cha maji kikaanza kurejea. Tozo bila bomba ingewaumiza watu bure.

Sisi sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatamka kuwa maji yote ni mali ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini, na vibali vya kuyatumia hutolewa na bodi za mabonde. Kwa Bagamoyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Lakini kibali hueleza tu kiasi kilichoruhusiwa. Kiasi kilichovutwa hujulikana kwa mita iliyofungwa kisimani na mtu wa kuisoma.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Kila mtaa uchague visima vichache vya kufuatiliwa, kimoja kikiwa karibu na bahari na vingine vikielekea bara. Kina cha maji na kiwango cha chumvi vipimwe kabla ya masika na baada yake, asubuhi kabla pampu haijawashwa, kwa sababu kipimo kinachochukuliwa pampu ikifanya kazi hudanganya. Kamba yenye alama za mita inatosha kupima kina, na kifaa cha kupimia chumvi hutoshea mfukoni. Daftari moja libaki mtaani na nakala ipelekwe bodi ya bonde, ili mtu anapoomba kibali kipya, jibu atakalopewa litokane na vipimo vya eneo lake.

Sasa nakaribisha maswali, na ningependa tuanze na wenye visima walio hapa ukumbini.