Mafua yakirudi, nani anapiga ukelele?

Haya, salamu tushapeana, tuingie ndani. Wengi hapa mshanisikia na habari hii ya mafua na leo ntaisema tena, maana juzi tu mama mmoja hapa Langoni kafungua pindo la leso, ndani vidonge sita vya antibiotiki, vimebaki kwa jirani, ati mtoto ana mafua nimpe vingapi. Mama yangu, hivyo vinaua bakteria, na influenza, yale mafua makali yenye homa, ni virusi, hata umpe debe zima virusi havitikisiki!

Kinachopigana ni mwili wake, na mwili hupigana kwa kupashana habari. Mwaka 1957 kule London, wanasayansi Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua virusi vya influenza walivyoviua kwa joto, wakaviweka na vipande vya utando wa ndani ya yai la kuku. Utando ule ukawa haushikiki tena na virusi vilivyo hai. Sasa hapa ndo penyewe, nisikilizeni: wakautoa ule utando, wakachukua maji yake tu, wakayatia kwenye utando mpya ambao haujakutana na kirusi chochote, nao ukakataa kushikwa. Maji tu! Yaani seli za kwanza zimetoa kitu, kikaenda kuwaambia wenzao jikazeni. Wakakiita interferoni.

Nyumba ya makuti ikishika moto, yenyewe ishakwenda, lakini ule ukelele ndo unaowapandisha majirani juu ya mapaa yao na ndoo za maji. Seli iliyoshikwa mara nyingi inakufa, ila jirani zake wanawasha jeni mamia za kujilinda, kirusi kikija kinakuta paa limelowa.

Haya, na mafua ya pili? Ya kwanza yakipita, baadhi ya seli T, yaani askari weupe wa damu, zinabaki palepale mapafuni, hazirudi kwenye damu. Kirusi kikirudi hazingoji kuitwa, zinamwaga interferoni gama, aina nyingine ya ule ukelele, papo hapo na kuita wenzao. Na uzuri wake, kingamwili nyingi, yaani protini za damu zinazonasa virusi, zinashika koti la nje la kirusi, na koti ndo kirusi kinalolibadilisha kila mara, lakini seli T zinatambua protini za ndani ambazo hazibadiliki haraka hivyo. Kwa hivyo kikija na koti jipya unaweza kuugua, ila ukaugua kwa wepesi.

Najua kuna atakayesema mbona mimi kila mwaka napata. Kwanza, bwana, si kila mafua ni influenza, kuna virusi chungu nzima vinavyotoa makamasi. Pili, wale walinzi wa mapafuni wanapungua miezi ikienda. Lakini usiniambie mwili hauna kumbukumbu, H1N1, aina moja ya influenza, ilipotea mwaka 1957, iliporudi 1977 iliwapata zaidi walio chini ya miaka 26 hivi, wakubwa waliowahi kukutana nayo wengi ikawapita. Hapo kingamwili ndo zilifanya kazi kubwa.

Homa na maumivu ya viungo nayo yanatokana na ishara hizihizi, zikizidi mno zinaumiza mapafu yenyewe, hilo lataka siku yake. Na chanjo, wazee wangu na nyie wenye mimba, kila mwaka, kwa sababu ya lile koti. Adhana hiyo. Dada uliyenyoosha mkono, tukitoka msikitini nikute hapa barazani, na vile vidonge kama unavyo nyumbani vilete nivione.