Kilo Moja ya Mvuke, Namba Tatu: Mhadhara juu ya Kubadili Vizio vya Entropia

Ndugu wanafunzi, walimu wenzangu, na mafundi mliofunga kazi mapema ili muwepo hapa, nawashukuru kwa kuja.

Ubaoni nimeandika namba tatu: 7.354, 1.756 na 132.5. Zote zinaeleza jambo moja, nalo ni entropia ya mvuke uliotoka sasa hivi katika maji yanayochemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Ya kwanza imeandikwa kwa kilojouli kwa kilo kwa kelvini, ya pili kwa Btu (kizio cha joto cha mfumo wa Kiingereza) kwa ratili kwa digrii ya Rankine (kipimo cha halijoto chenye digrii za ukubwa wa Farenihaiti, lakini kinachoanza kwenye sifuri halisi), na ya tatu kwa jouli kwa moli kwa kelvini. Mvuke wenyewe haujui tofauti hiyo. Sisi tunaousoma ndio tunaopaswa kuijua, kwa sababu majedwali tunayoyatumia yameandikwa katika nchi mbalimbali na na watu wa fani mbalimbali, na mhandisi anayefungua kitabu cha Kimarekani asubuhi na cha Kijerumani jioni atakutana na namba hizi zote kabla hajalala.

Neno lenyewe tulipewa na Rudolf Clausius mwaka 1865, wakati akifundisha Zürich. Alilichukua kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mageuzi, na akaliumba kwa makusudi lifanane na neno la nishati, kwa kuwa aliona mambo hayo mawili yanakwenda pamoja. Alichokipima ni hiki: joto linapoingia katika kitu taratibu, bila msukosuko, ongezeko la entropia ni kiasi cha joto hilo kugawanywa kwa halijoto halisi ya kitu hicho, yaani halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri ambayo hakuna baridi zaidi yake. Tukigawanya tena kwa tungamo, tunapata entropia mahususi, ile ya kila kilo au kila ratili.

Hapa naomba tuitazame lugha yetu kidogo, maana imewahi kuwakwaza wanafunzi wengi wazuri. Tunaposema "kilojouli kwa kilo kwa kelvini", neno "kwa" limetajwa mara mbili, na mara zote mbili ni la kugawanya. Lakini katika hesabu za shule tulizoea kusema "zidisha kwa" na vilevile "gawanya kwa", na kwa hiyo wapo wanaolisikia "kwa" la pili kama la kuzidisha. Maandishi nayo huongeza utata pale mtu anapoandika kJ/kg·K bila mabano. Andikeni kJ/(kg·K), daima, hata katika daftari ambalo hakuna mwingine atakayelisoma. Kilo iko chini ya mstari, na kelvini iko chini ya mstari pamoja nayo.

Kwa kuwa kizio hiki kina sehemu tatu, kukibadili ni kubadili mambo matatu: nishati, tungamo na halijoto. Btu moja ni jouli 1055.056. Ratili moja, tangu makubaliano ya mwaka 1959 baina ya nchi zilizokuwa zikiitumia, ni kilo 0.45359237 kamili. Digrii moja ya Rankine, ambayo kwa ukubwa ni sawa na digrii ya Farenihaiti, ni tano ya tisa ya kelvini, kwa sababu kati ya kuganda na kuchemka kwa maji Farenihaiti huhesabu digrii 180 pale ambapo Selsiasi huhesabu 100. Gawanyeni jouli 1055.056 kwa 0.45359237 mpate jouli 2326 kwa kilo, yaani kilojouli 2.326. Kisha, kwa kuwa digrii ni ndogo kuliko kelvini na iko chini ya mstari, zidisheni kwa 1.8. Jibu ni 4.1868. Basi Btu moja kwa ratili kwa digrii ya Rankine ni kilojouli 4.1868 kwa kilo kwa kelvini, na 1.756 yetu ya ubaoni ikizidishwa kwa namba hiyo inarudi kwenye 7.35.

Wengi huishia hapo, wakaikariri 4.1868 na kuendelea na safari. Mimi naomba tukae nayo, kwa sababu namba hiyo mmekwisha kuiona mahali pengine. Ni ile ile ya kilokalori: kilokalori moja kwa kilo kwa kelvini nayo ni kilojouli 4.1868 kwa kilo kwa kelvini. Inakuwaje mfumo wa ratili na Farenihaiti ukutane na mfumo wa kilo na Selsiasi kwenye namba moja, bila hata senti ya tofauti? Jibu liko ndani ya sufuria ya maji. Kilokalori ilianza kama joto linalotosha kupasha kilo moja ya maji kwa digrii moja ya Selsiasi. Btu ilianza kama joto linalotosha kupasha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Farenihaiti. Kila mmoja alipima joto kwa maji, kisha sisi tunagawanya kwa tungamo ile ile na digrii ile ile iliyotumika kulipima. Kilo inajifuta, ratili inajifuta, digrii zinajifuta, na kinachobaki pande zote mbili ni maji. Ndiyo maana mwenye jedwali la zamani la kilokalori na mwenye jedwali la Kimarekani la Btu wanaweza kubadilishana namba za entropia bila kuzidisha wala kugawanya. Mtu akilielewa hili hahitaji kukariri chochote, na akisahau, anaweza kulijenga upya kwa fikra zake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye halijoto, maana hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Chukueni barafu inayoyeyuka. Kilo moja inahitaji kilojouli 333.6, nayo inayeyuka kwa kelvini 273.15, hivyo entropia inaongezeka kwa 1.221. Kwa ratili, joto ni Btu 143.4 na halijoto ni 491.67 za Rankine, kwa hiyo ongezeko ni 0.2917, na likizidishwa kwa 4.1868 linatoa 1.221 tena. Lakini mwanafunzi aliyegawanya Btu 143.4 kwa 32, kwa kuwa kipimajoto cha Farenihaiti kinasoma 32, anapata 4.48, zaidi ya mara kumi na tano ya jibu la kweli, na hakuna kizidisho kitakachomwokoa. Yule wa Selsiasi ana bahati zaidi, kwa kuwa atajaribu kugawanya kwa sifuri na hesabu yenyewe itamkatalia. Tofauti ya nyuzi moja ya Selsiasi ni sawa na tofauti ya kelvini moja, na kwa sababu hiyo vizio hivyo viwili huandikwa kimoja badala ya kingine katika joto mahususi. Katika kugawanya joto kwa halijoto ili kupata entropia, ruhusa hiyo haipo.

Kosa jingine ni la siri zaidi, na nimelikuta katika kazi za watu ninaowaheshimu. Tufikiri juu ya turbini ya mvuke. Hapa kwetu Afrika Mashariki mfano ulio karibu ni Olkaria, jirani na Naivasha, ambako umeme wa jotoardhi unafuliwa tangu mwaka 1981. Sitatumia takwimu za mtambo huo. Nachukua namba rahisi za mezani. Mvuke shibe, yaani ule ulio kwenye mpaka wa kugeuka maji, unaingia kwenye turbini kwa shinikizo la bar 6 na kutoka kwa bar 0.1. Jedwali la Kimarekani linatuambia kwamba entropia yake wakati wa kuingia ni 1.6146. Mhandisi wetu anakumbuka kwamba Btu kwa ratili hubadilishwa kwa 2.326. Ni kweli, hubadilishwa hivyo, lakini hiyo ni ya enthalpia, yaani nishati ya ndani ya mvuke pamoja na ile ya shinikizo na ujazo wake, ambayo haina digrii chini ya mstari. Anazidisha na kupata 3.756 badala ya 6.760.

Tazameni kinachofuata. Katika turbini isiyopoteza kitu, entropia ya kutoka ni sawa na ya kuingia. Kwa bar 0.1, maji yana entropia 0.649 na mvuke shibe una 8.149, na tofauti yao ni 7.500. Kwa namba sahihi, ukavu wa mvuke unaotoka, yaani sehemu ya tungamo ambayo bado ni mvuke, ni 6.760 kutoa 0.649, kugawanywa kwa 7.500, yaani asilimia 81. Kwa namba yenye kosa, ukavu ni asilimia 41. Jibu hilo halipigi kelele. Ni sehemu iliyo kati ya sifuri na moja, kama inavyotakiwa, na mtu mwenye haraka atalipokea. Akiendelea hadi kwenye enthalpia, ataona kila kilo ya mvuke ikimpa kazi ya kilojouli 1574, ilhali ukweli ni kama 615. Ataandika ripoti ya mtambo wenye nguvu mara mbili na nusu ya ule unaoweza kujengwa.

Ni nini kingemwonya? Sheria ya pili ya thermodinamiki, ambayo entropia yenyewe ndiyo lugha yake. Mvuke wa bar 6 una nyuzi 158.8 za Selsiasi, sawa na kelvini 432. Wa bar 0.1 una nyuzi 45.8, sawa na kelvini 319. Hakuna mashine kati ya halijoto hizo mbili inayoweza kugeuza kuwa kazi zaidi ya asilimia 26 ya joto inalopokea. Joto linaloingia katika mzunguko huu, tukianzia kwenye maji ya bar 0.1, ni kilojouli 2565 kwa kilo. Kilojouli 615 ni asilimia 24 yake, na zinapita kwenye mlango. Kilojouli 1574 ni asilimia 61, na hazipiti. Jambo hili hunigusa kila ninapolifundisha: kosa lililofanywa kwa kuidhulumu halijoto ndani ya kizio linakamatwa na halijoto hiyo hiyo ndani ya sheria. Hesabu hii ya kujikagua inachukua dakika moja, na mtu asiwe tayari kusaini karatasi kabla hajaifanya.

Kuhusu kalori nitasema kwa ufupi. Zipo mbili zinazotumika sana: ya wahandisi wa mvuke, iliyowekwa mwaka 1956 kuwa jouli 4.1868, na ya wanakemia, ambayo ni jouli 4.184. Zinatofautiana kwa chini ya sehemu moja katika elfu. Kwa kazi ya boila hamtaiona tofauti hiyo. Kwa vipimo vya maabara vyenye tarakimu nne, mtaiona.

Suala la moli ni zito zaidi. Wanakemia hawahesabu kwa kilo bali kwa idadi ya molekuli, na moli moja ya maji ina gramu 18.015. Kilojouli kwa kilo ni sawa na jouli kwa gramu, hivyo 7.354 zidisha kwa 18.015 inatoa 132.5, namba ya tatu ya ubaoni. Ni hesabu ya mstari mmoja. Lakini fungueni kitabu cha kemia mtafute entropia ya maji ya kawaida kwa nyuzi 25: mtakuta 69.95 kwa moli. Gawanyeni kwa 18.015 mpate 3.883 kwa kilo. Kisha fungueni jedwali la mvuke kwenye nyuzi 25 hizo hizo: limeandikwa 0.367. Vizio vimelingana kabisa, kizidisho ni sahihi, na bado namba moja ni zaidi ya mara kumi ya nyingine.

Hakuna aliyekosea. Mwanakemia anahesabu kuanzia kelvini sifuri, kwa kutegemea sheria ya tatu ya thermodinamiki, inayosema kwamba hapo entropia ya fuwele kamili ni sifuri. Watunzi wa jedwali la mvuke waliafikiana kuanza kuhesabu pale barafu, maji na mvuke vinapokaa pamoja, kwa nyuzi 0.01 za Selsiasi, wakaiita entropia ya maji hapo kuwa sifuri. Tofauti ya 3.516 ni entropia ambayo maji yalikwisha kuikusanya kabla mhandisi hajaanza kuhesabu. Haiondolewi kwa kuzidisha, bali kwa kutoa, na inabaki ile ile kwa barafu, kwa maji na kwa mvuke. Hata 132.5 yangu ya ubaoni, kwa hiyo, ni moli ya mhandisi. Mwanakemia angeongeza 63.3 juu yake.

Mafundi wa majokofu, ninyi mnakutana na jambo hili kila wiki. Kwa gesi ya R-134a, majedwali yanayofuata desturi ya Taasisi ya Kimataifa ya Majokofu yanaipa gesi iliyo katika hali ya kimiminika kwa nyuzi sifuri za Selsiasi entropia ya 1.00. Yanayofuata ASHRAE, chama cha wahandisi cha Marekani, yanaanza na sifuri kwa nyuzi 40 chini ya sifuri, mahali ambapo Selsiasi na Farenihaiti husoma namba moja, na kwa nyuzi sifuri za Selsiasi yanasoma karibu 0.20. Kizio ni kilojouli kwa kilo kwa kelvini katika yote mawili. Ukichukua entropia ya gesi inapoingia kwenye kompresa kutoka jedwali moja, na ya inapotoka kutoka jedwali la pili, utakuwa umeingiza 0.80 isiyokuwepo ndani ya mashine. Soma mlango wa kuingia na mlango wa kutoka katika jedwali moja, toa, kisha ndipo uzidishe tofauti hiyo kwa 4.1868 kama kizio kinadai. Na pale unapoandika namba kwa ajili ya fundi atakayekuja zamu ya usiku, andika juu ya safu kizio chake chenye mabano, na pembeni yake halijoto ambayo sifuri iliwekwa.