Njia Imetengenezwa, Kodi Imepanda

Mabibi na mabwana, baadhi yenu mmenisikia nikilisema jambo hili la kodi ya maduka kupandishwa barabara inapotengenezwa mara nyingi kiasi cha kuweza kunimalizia sentensi, lakini nitalirudia, kwa sababu wapangaji wangali wanakuja kwangu wakiwa wamechelewa kupinga.

Mwaka 2019, barabara ya Luthuli hapa katikati ya Nairobi ilipoondolewa matatu, ikafanywa ya upande mmoja, ikapanuliwa njia za waendao kwa miguu na kupandwa miti, nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Anayeikumbuka Luthuli ya honi na moshi, ambako mtu alivuka kwa kujibanza kati ya gari na gari, hawezi kunilaumu kwa furaha hiyo. Kwa hiyo asisimame mtu hapa kuniambia kwamba napenda uchafu.

Kuna fundi mmoja wa redio, si wa Luthuli bali wa mtaa mwingine huku huku upande wa chini wa jiji, aliyefanya kazi miaka mingi katika kibanda chenye upana wa meza yake. Barabara yao ilipotengenezwa alifurahi kuliko mimi, akanionyesha taa mpya kana kwamba amezinunua yeye. Haikupita miezi mingi akapokea karatasi isiyo na tarehe wala sahihi, ikimwarifu kwamba kodi imepanda karibu maradufu kuanzia mwezi ule ule, na kwamba duka litagawanywa kuwa vibanda vya eksibisheni, yaani vijiduka vidogo vilivyopangwa ndani ya duka moja, hivyo atakaye kubaki alipe upya ile pesa ya kuingilia tunayoiita gudwili. Fundi alikopa kwenye chama chake cha kuweka na kukopa, akalipa miezi mitatu, akashindwa. Aliponiletea karatasi ile, tayari alikuwa amehamia mtaa wa Kariobangi, anatengeneza redio kibarazani kwa dada yake.

Nilikasirika, na wa kwanza kukasirikiwa alikuwa yeye. Sheria ya wapangaji wa maduka, Sura ya 301, ipo tangu 1965. Ikiwa mkataba wako haukuandikwa, au umeandikwa lakini hauzidi miaka mitano, mwenye jumba hawezi kukupandishia kodi bila kukupa ilani rasmi ya angalau miezi miwili, nawe ukipinga unakwenda mbele ya baraza la kodi, yaani lile linaloamua migogoro ya kodi za maduka, kabla ilani haijaanza kutumika. Fundi alidhani kwamba asiye na mkataba wa maandishi hana haki, ilhali kukosa maandishi huko ndiko kulikomweka chini ya ulinzi wa sheria. Miezi mitatu alilipa deni ambalo hakudaiwa!

Najua mtasema mwenye jumba naye amepandishiwa gharama. Vema, na apeleke hesabu zake barazani, kwani ndiyo kazi ya baraza. Lakini njia ile haikujengwa kwa fedha zake, nalo ongezeko la thamani limeingia mfukoni mwake peke yake.

Wapangaji wa nyumba za kuishi, hali yenu ni mbaya zaidi, maana sheria yenu hulinda nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na anayeijua nyumba ya bei hiyo katikati ya Nairobi anionyeshe nihamie leo. Nilikusudia kuwasemea pia wachuuzi na wasukuma mikokoteni, ambao hawana hata ilani ya kupinga, lakini mwenyekiti ananionyesha saa.

Mwenye karatasi ya mwenye jumba asiondoke nayo mfukoni. Ailete kwenye meza hii, na kabla ya lolote tutatazama ina tarehe gani.