Mwanza Mjini: Nani Alijenga, Nani Alikaa

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Neema, na kaka Masanja yupo hapa, anahema.

MASANJA: Mwangaluka, wasikilizaji! Nimepanda kilima cha Robert Koch saa saba mchana, acheni nipumue.

NEEMA: Ulitumwa na nani saa saba? Haya, tuanzie hukohuko. Lile jumba la Kijerumani juu ya mawe, watu wengi wanaliita nyumba ya Koch.

MASANJA: Ni la Gunzert. Theodor Gunzert, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, mpaka Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Wajerumani walishaweka kituo chao hapa tangu 1892. Ukifika pale juu unaelewa kwa nini bwana mkubwa alipataka: ziwa lote mbele yako, mji wote chini yako.

NEEMA: Na walio chini wanakuona, wanajua bwana yupo.

MASANJA: Hilo nalo lilikuwa na kazi yake. Sasa hivi kuta zimechakaa, mijusi ya kichwa chekundu ndiyo inayoota jua pale.

NEEMA: Sasa Koch anaingiaje?

MASANJA: Koch alikuwa mgeni tu, dada. Daktari mkubwa, hatukatai. Mwaka 1905 alipata tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu. Mwaka uliofuata akaja huku ziwani, ugonjwa wa malale unamaliza watu, akaenda kuweka kambi visiwa vya Ssese, upande wa Uganda. Huko akawa anawachoma wagonjwa atoksili, dawa yenye aseniki ndani yake. Wapo waliopata nafuu kwa muda. Wapo waliopofuka kabisa.

NEEMA: Halafu kilima akapewa yeye.

MASANJA: Usinitazame mimi, sikukigawa.

NEEMA: Mimi kusema kweli nyumba ninazozipenda ziko chini, kule katikati ya mji kuelekea Makoroboi. Duka chini, familia ghorofani, na juu kabisa mbele ya jengo mwaka umeandikwa kwenye saruji. Reli kutoka Tabora ilifika hapa 1928, pamba ya Usukuma ikapata njia ya kutokea, na wafanyabiashara wa Kihindi wakajenga.

MASANJA: Sema vizuri. Pamba ndiyo iliyojenga.

NEEMA: Na mkulima aliyeilima analala kwenye nyumba ya nyasi kijijini.

MASANJA: Tena akija kuuza, mzani unamwibia. Malalamiko ya mizani ndiyo yaliyowaamsha wakulima, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe. Mpaka 1955 kikasimama chama kikuu cha ushirika cha Victoria, VFCU, chini ya Paul Bomani. Kijana tu! Alizaliwa 1925. Baadaye akawa waziri wa fedha, kisha balozi Marekani. Sasa niambie, mgeni akishuka stendi leo, nani atamwonyesha mahali popote na kumwambia hapa ndipo alipofanyia kazi Bomani?

NEEMA: Hakuna. Atapelekwa Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, kupiga picha.

MASANJA: Umeona.

NEEMA: Ila tusiwaache hao wa ghorofani, kaka. Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha, yale ya shilingi 100,000 kwenda juu. Mtu kajenga, jina lake liko ukutani, kesho yake mwenye nyumba ni Msajili wa Majumba, yaani serikali.

MASANJA: Wazee mpaka leo wanasema "nakaa nyumba ya Msajili", na Msajili mwenyewe aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990.

NEEMA: Wengine waliondoka nchini moja kwa moja. Na waliohamia mle wamelea watoto na wajukuu, nao ni wakazi vilevile. Ndiyo maana mimi nataka kila jengo liwekewe kibao: alijenga nani, wakakaa nani na nani.

MASANJA: Kibao kwenye ukuta unaovuja? Kwanza bati.

NEEMA: Bati bila kibao, kesho wanabomoa wanajenga fremu za vioo.

MASANJA: Na kibao kitawazuia?

NEEMA: Kitawachelewesha! Wasikilizaji, kama bibi au babu yako alikaa nyumba ya Msajili hapa mjini, turekodie sauti yake, ututumie. Atuambie chumba kilikuwa kipi, na kodi alimlipa nani.