Anza na Ukuta, Ua Baadaye

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nawaona wengi mna picha kwenye simu: lango lililofunikwa na bogenvilia, kibaraza kinachoning'inia maua ya wisteria. Zizimeni kidogo. Kabla hujaniambia unapenda ua gani, niambie mmea wako utapanda juu ya nini, na utajishika kwa namna gani.

Mimea inayotambaa haijishiki kwa njia moja. Yasmini, wisteria na lonisera hujizungusha kwa shina lenyewe, kwa hiyo zinataka waya, kamba au nguzo. Ukiipanda yasmini mbele ya ukuta mtupu itajiviringa chini, na wewe utasema mbegu ilikuwa mbovu. Mpasheni una vikono vyembamba vinavyojisokota kwenye chochote vinachogusa. Klematisi haina vikono. Inakunja vikonyo vya majani yake, vifupi mno, ndiyo maana nguzo nene haiiwezi. Itandikie wavu au vijiti visivyozidi unene wa penseli.

Sasa bogenvilia na waridi la kupanda. Hizi, kusema kweli, hazipandi. Zinarusha matawi marefu, miiba inanasa kwenye mimea mingine, basi. Ukutani hakuna cha kunasa, kwa hiyo kazi ya kufunga ni yako, mwaka hadi mwaka. Tumia kamba laini, pitisha kitanzi chenye umbo la nane kati ya tawi na waya, na uache nafasi, maana tawi litanenepa.

Kuna na zile zinazojigandisha zenyewe, kama kampsisi yenye maua ya tarumbeta ya rangi ya machungwa. Inatoa mizizi midogo kwenye shina na kushika ukuta bila msaada. Inavutia, ila ukija kuitoa inabandua na rangi, na ikifika kwenye paa inapenya chini ya vigae. Mimi, kwa ukuta uliopakwa rangi, sikupi hiyo.

Kuhusu zile zinazojizungusha, kuna jambo linalonifurahisha sana. Mwanasayansi Charles Darwin, katika makala yake ya 1865, alichunguza jinsi ncha ya mmea wa hopsi inavyozunguka hewani ikitafuta pa kushika, na akakuta mzunguko mmoja huchukua kama saa mbili. Kila aina ina upande wake. Wisteria ya China huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, ya Japani hufuata mwendo wa saa. Ukitaka kuusaidia mche wako, tazama kwanza umeelekea wapi, kisha uuzungushe upande huohuo. Ukiulazimisha upande mwingine utajifungua.

Na uzito je? Huko Sierra Madre, California, kuna wisteria iliyopandwa 1894, na leo imetanda eneo la kama ekari moja. Shina lake huwa gogo. Usiipe kichanja cha fito. Ipe nguzo za chuma au mbao nzito. Tena usinunue mche uliotokana na mbegu, unaweza kungoja miaka kumi na zaidi bila kuona ua. Nunua uliobebeshwa, yaani wenye tawi lililounganishwa kwenye shina la mche mwingine, ikiwezekana ukiwa tayari na maua.

Wanaolalamika kwamba bogenvilia yao ina majani tu, mara nyingi wanaipenda kupita kiasi. Maji kila siku, mbolea yenye naitrojeni nyingi, na kivuli juu yake. Ipe jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku, na ikishashika mizizi uache udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena. Ile rangi mnayoipenda, kwa taarifa yenu, si ua. Ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilicho katikati. Ndiyo maana rangi inadumu kwa wiki nyingi.

Wenye watoto wadogo, ulizeni sumu kabla ya kununua. Gloriosa, yenye maua mekundu na manjano kama ndimi za moto, ina sumu iitwayo kolchisini katika mmea mzima, hasa kiazi chake. Mbegu za wisteria nazo ni sumu. Na thunbergia kubwa ya buluu isipandwe karibu na msitu wala mto: huko Queensland, Australia, imekuwa gugu linalofunika miti mizima, na kipande cha kiazi kikibaki ardhini inachipua upya.

Mama pale nyuma anauliza: nichimbe shimo umbali gani kutoka ukutani? Sentimeta 30 hadi 45. Chini kabisa ya ukuta udongo ni mkavu kwa sababu paa linazuia mvua, na msingi unanyonya unyevu. Laza mche kidogo kuelekea ukutani, uegemeze kwenye kijiti hadi ufike kwenye waya wa kwanza, kisha kijiti ukiondoe.