Inchi na milimita kwenye saiti moja

Ndugu mafundi, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango, karibuni. Nimeombwa nizungumzie vipimo. Jedwali la kugeuza inchi kuwa milimita sitawasomea, hilo mnalo kwenye simu.

Chukueni orodha ya vifaa vya nyumba yoyote ya vyumba vitatu. Mbao mbili kwa nne, futi 12. Nondo milimita 12. Tofali za inchi 6. Bati geji 28, urefu kwa mita. Bomba la maji taka inchi 4. Saruji kilo 50, mchanga tripu. Yote yako kwenye karatasi moja, na mwenye duka anaisoma bila kuuliza hata mara moja.

Wapo wanaoita huo ujinga wetu. Mimi nakataa. Shuleni tulifundishwa mita, na michoro ya wahandisi ni milimita tupu. Lakini vifaa havikusoma shule hiyo. Kila kimoja kimebaki na kipimo cha kiwanda kilichokizaa. Mfaransa aliyeuletea ulimwengu mita, naye hufunga koki ya nusu inchi jikoni kwake.

Na hiyo nusu inchi hebu tuipime. Nusu inchi ni milimita 12.7. Sasa weka kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na kipenyo, kwenye uzi wa kufungia wa koki, kwa nje: utapata karibu milimita 21. Hakuna aliyekuibia. Jina lilitokana na tundu la bomba la chuma la zamani, si unene wake wa nje. Baadaye mabomba yakatengenezwa na kuta nyembamba, tundu likapanuka, jina likabaki. Bomba la PPR, yaani lile la plastiki, kwa upande wake, huitwa kwa kipimo cha nje, milimita 20. Ndiyo maana kiungo cha kuunganisha viwili hivyo kimeandikwa 20 upande mmoja na ½ upande wa pili. Kijana anayedhani namba hizo zinapaswa kulingana atarudi dukani mara nyingi.

Kwenye bomba mchanganyiko huu hauna madhara, maana kitu kisipoingia utakiona hapo hapo. Nondo haikupi onyo. Fundi mzee akisema "nusu inchi", mara nyingi anamaanisha ya milimita 12. Nguvu ya nondo iko kwenye eneo la mkato wake, na eneo hufuata kipenyo mara kipenyo: 12 mara 12 ni 144, 12.7 mara 12.7 ni 161. Mchoro wa zamani ukidai nusu inchi kamili, wewe ukaweka 12, umepunguza chuma kwa asilimia 11 hivi. Na ukiuziwa ya 11 kwa jina la 12, umepoteza asilimia 16. Kwa hiyo kalipa ni muhimu kuliko mabishano ya inchi na mita. Anayetaka kudanganya hupenda sana namba isiyo na kipimo nyuma yake.

Bati nalo: futi 10 ni mita 3 na sentimita 5 kasoro kidogo. Geji mnaijua wenyewe, namba ikipanda bati linakuwa jembamba.

Msidhani ni sisi tu. Julai 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani. Ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Hesabu ikafanywa kwa ratili, yaani paundi, na ratili haifiki nusu kilo, kwa hiyo mafuta hayakufika nusu ya yaliyohitajika. Marubani waliielekeza bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa jeshi huko Gimli, Kanada, na hakuna aliyekufa. Watu hao walikuwa wamesoma, tena sana. Namba ilitoka mkono mmoja kwenda mwingine, kipimo chake kikaachwa njiani.

Kwenye saiti mahali hapo pa kukabidhiana ni dirisha. Fundi ujenzi anaacha tundu la futi 4, yaani milimita 1,219, kwa kuwa futi yake ya kupimia, ile tepu, anaisoma upande wa inchi. Anampigia simu fundi alumini: "Mita moja na ishirini." Fremu inakuja na 1,200 kamili. Pengo la milimita 19. Nani alaumiwe? Hapo watabishana hadi jioni, halafu mmoja atatumwa dukani kununua silikoni. Mkitoka hapa tazameni madirisha ya mtaani kwenu, silikoni ilivyo nene upande mmoja.